Mfereji wa Ugando

Nchi ya mbali haina mwenyewe, kila aifikaye huisimulia apendavyo. Mimi nitasimulia yale aliyoyaona Daktari Mwantumu binti Shomvi katika nchi ya Ugando, wala sitaongeza kitu ila pale penye kuchekesha. Alifikaje huko msiniulize. Safari zote ni zile zile: mtu huchoka, huona njaa, kisha hufika. Ya maana huanza akishavua viatu.

Mwantumu alikuwa mtu wa maabara. Alikuwa na kipande cha mpira angavu, kidogo kama stempu, kilichochongwa ndani yake vijifereji vyembamba kuliko unywele. Humo alipitisha maji yenye seli za saratani zilizoshikana mbili mbili, akiyaongeza kasi taratibu, jicho kwenye hadubini, mpaka ziachane. Nguvu ya maji iliyoziachanisha ndiyo iliyokuwa jibu lake. Maana saratani huwa ya kutisha zaidi seli zake zinapoiacha nyumba yao, zikaingia kwenye damu, zikaenda kujijengea mahali pasipo pao. Ukijua zimeshikana kwa nguvu gani, umeanza kujua ipi itaondoka. Aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote, ingawa jamaa zake walilalamika kwamba kwenye arusi hana mazungumzo mengine.

Wagando waliposikia habari zake walimwalika kwa heshima kubwa. Walisema hatimaye amepatikana mgeni mwenye akili kama zao.

Langoni mlinzi alimshika mkono akauvuta nusura aung'oe begani. "Nakushika," akasema, na Mwantumu akafundishwa kuitikia, "Usiniachie." Hiyo ndiyo salamu ya Ugando, asubuhi na jioni, kwa mkubwa na mdogo. Nyumba zao zimeegemeana ukuta kwa ukuta, hata panya hana pa kupita. Anayetaka kwenda sokoni huenda na jirani, na jirani naye ana jirani yake, kwa hiyo kununua fungu la mchicha huhitaji nusu ya mtaa. Katika Baraza lao wajumbe huketi wameshikana mikono safu nzima. Kupiga kura kwa kunyoosha mkono hakuwezekani, basi hoja hupita pale wanaoipinga wanaposinzia. Mheshimiwa mmoja akiwashwa pua, mikono ya safu yote hupanda na kushuka pamoja naye, na hakuna anayecheka. Mwantumu alicheka peke yake siku ya kwanza, akaona haya. Siku ya pili aliwapenda.

Aliyempokea ni Bwana Kaza, Mkuu wa Mfereji, mtu mrefu mwenye sauti ya upole na nguo zilizopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Ndiye aliyemweleza asili ya desturi zao.

"Zamani, Daktari, katika Mtaa wa Kongosho," alisema, maana mitaa yao yote ina majina ya namna hiyo, "watu wa nyumba moja walikataa kazi na wakakataa kufa. Kazi yao ikawa kuzaana. Wakawaachia majirani mikono, wakajitosa mtoni, wakaibukia Mtaa wa Ini. Waliula Mtaa wa Ini mpaka kuta zake. Mji huu ulibaki na pumzi moja. Tangu hapo tumeapa kwamba hakuna atakayeachia mwenzake bila sisi kujua mapema."

"Na mnajuaje mapema?"

"Tunapima," akasema Bwana Kaza, na uso wake ukang'aa kama wa mtu anayetaja jina la mwanawe.

Akampeleka kuuona mfereji. Ulikuwa wa mawe, mpana juu na mwembamba katikati, upana wa mtu mmoja tu. Penye wembamba ule palisimama nguzo. Watu wa nyumba moja hupimwa wawili wawili: mmoja hukumbatia nguzo kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia humshika mwenzake, ambaye huachwa avutwe na maji. Mpimaji hufungua lango la maji kidogo kidogo. Mikono ikiachana kengele hulia, maji husomwa yamefika wapi ukutani, na aliyechukuliwa hushukia bwawa la chini lililotulia, akatoka ameloa tu.

Mwantumu aliuzunguka mfereji ule kwa furaha ya kweli. Ilikuwa kazi yake mwenyewe, iliyokuzwa mpaka ikaweza kubeba watu. Aliuliza habari za lango, akasifu nguzo, akapiga magoti kupapasa mawe. Ndipo alipoona ukutani kuna alama mbili, nyeupe chini na nyekundu juu, na kati yake nafasi ya kiganja.

Alama nyeupe ilikuwa ya Bwana Kaza. Wanaoachiana kabla maji hayajaifika ni walegevu, na walegevu ndio huondoka. Hao hutenganishwa, mmoja mtaa huu na mwingine mtaa ule, wakae na watu walioshikana wajifunze. Alama nyekundu ilikuwa ya msaidizi wake, Bi Legeza, mama mfupi mwenye macho makali. Yeye aligundua kwamba makundi mabaya kuliko yote katika historia ya Ugando hayakuachiana hata kidogo. Yalipita penye wembamba wa mto, mtu nyuma ya mwenzake, yameshikana vilevile, yakafika ng'ambo yakiwa genge zima. Kwa hiyo waliopita nyekundu ni genge, nao hutenganishwa. Nyumba zilizosalimika zilikuwa chache, na wenyewe hawakujua zimesalimika kwa nini.

Wawili hao walibishana kila siku ya Mungu, huku wameshikana mikono kama sheria inavyotaka. Siku Mwantumu alipokaribishwa Barazani, Bwana Kaza alisema kidole kimoja hakivunji chawa. Bi Legeza akamjibu kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wakaendelea hivyo mpaka safu ya nyuma ikaanza kukoroma, kisha wakamgeukia mgeni awaamue.

"Nyote mna haki," alisema Mwantumu. "Hata kwetu ni hivyo. Ziko zinazoachia zikaondoka moja moja, na ziko zinazoondoka kwa kikundi, na hizo huwa balaa zaidi."

Wote wawili walichukia. Katika Ugando mtu hupendelea kushindwa kuliko kuambiwa adui yake naye amesema kweli.

"Mheshimiwa anawaogopa walegevu kwa sababu anawafahamu," Bi Legeza alisema kwa ukali. "Nani asiyejua kwamba Bi Zawena alimwachia maji yakiwa magotini?"

Bwana Kaza akaahirisha kikao. Baadaye mjumbe mmoja alimnong'oneza Mwantumu habari hiyo. Mfereji ulipokamilika, Mkuu alitaka wa kwanza kupimwa awe yeye na mkewe, ili watu waone haki haina upendeleo. Mkewe akaachia mapema kuliko mtu yeyote aliyepimwa tangu siku ile. Bwana Kaza akatoa amri mwenyewe, Bi Zawena akapelekwa Mtaa wa Bandama, na mji mzima ukamsifu Mkuu kwa uadilifu wake. Tangu hapo anakula peke yake na kujipigia pasi.

Mwantumu alikuwa amepewa chumba kwa Mzee Bungara, fundi viatu, na mkewe Bi Mwanaheri. Wazee hao walikuwa vyombo viwili kabatini, mchana kutwa kugongana. Waligombana juu ya chumvi, juu ya dirisha, juu ya nani alimwona paka mara ya mwisho. Jioni moja mwito ukaja: nao wanatakiwa mferejini keshokutwa. Usiku huo hawakugombana.

Asubuhi Bi Mwanaheri alimkalisha mgeni jikoni.

"Mwanangu, wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mambo haya wewe unayajua. Mimi na huyu mzee hatujashikana mikono tangu siku ya arusi."

"Na watoto wale wote, bibi?"

"Watoto tumezaa, lakini mikono haikuhitajika." Kisha tabasamu likafutika usoni pake. "Tukishindwa watanipeleka Mtaa wa Pafu, na yeye Mtaa wa Mfupa. Huko nani atampikia uji asioupenda? Hatasema kama ana njaa. Atakaa tu mpaka afe, ndivyo alivyo."

Mwantumu alijua watu wanavyofanya. Maharusi wa jirani walijipaka ulimbo wa fenesi viganjani. Maji yakapanda yakapita nyeupe, yakapita nyekundu, yakafurika nje, na bwana na bibi bado wamegandana. Iliwabidi maofisa wawapake mafuta ya nazi ili waweze kuwatenganisha kisheria. Basi habari ya ulimbo hakuitaja.

"Bibi, kwenye kazi yangu, seli mbili nikizikutanisha na kuzipitishia maji papo hapo, huachiana upesi. Nikiziacha zikae kwanza zimegusana, hazifanyi kitu kingine, huanza kushikana kutoka ndani. Sina dawa zaidi ya hiyo. Kaeni."

Wakatandika mkeka sebuleni wakakaa, mkono wa kulia wa huyu ndani ya mkono wa kulia wa yule, wamekaa upande kama watu waliokosea viti. Majirani walichungulia wakacheka. Mwanzoni wazee walitazama ukuta. Halafu Mzee Bungara akasema dirisha liko wazi, naye Bi Mwanaheri akasema yeye ndiye aliyeliacha wazi. Kutoka hapo mazungumzo yakaenda kwenye dirisha la nyumba yao ya kwanza, na mvua iliyoingia kwa dirisha lile, na mtoto aliyezaliwa mvua ile ikinyesha. Adhuhuri ikapita hawajainuka. Mwantumu alikuwa akipita na kikombe cha chai aliposikia mzee anauliza, "Bado kinakuuma?"

"Nini?"

"Kifundo cha mkono."

Bi Mwanaheri alimgeukia. "Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kukuna nazi kwa kushoto."

"Kwa hiyo umejua siku zote, na nazi hukukuna."

Mzee mkono wake hakuutoa, na Mwantumu akarudi chumbani kwake na kikombe chake.

Siku ya kupimwa watu walikuwa wengi, kwa kuwa Wagando hawajui kwenda mahali wachache. Wajumbe walikuwa wamepangwa ukingoni, mkono kwa mkono, Bwana Kaza katikati. Mwantumu alikuwa amewekwa mbele, maana baada ya kipimo alitakiwa aseme neno la kukisifu chombo. Bi Mwanaheri akaikumbatia nguzo kwa kushoto. Mkono wa kulia, ule wenye maumivu, akampa mumewe. Alikuwa amekataa katakata kuwaambia maofisa kwamba unauma, kwa kuwa Ugando mkono mgonjwa ni dalili ya ulegevu. Lango likafunguliwa.

Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni. Mzee Bungara alikuwa ameinuliwa miguu, amelala juu ya maji kama nguo inayosuuzwa. Wazee walishikana kweli. Mwantumu, ambaye macho yake yalizoea kuona mambo hayo kwa hadubini, aliona vidole vimetulia, havitelezi hata kidogo, akaanza kuamini watafika nyeupe. Mpimaji akaongeza maji. Kifundo cha Bi Mwanaheri kikapinda. Hakulia, ila aliuma mdomo wa chini, na mumewe aliyekuwa akimtazama usoni akaona.

Akafumbua vidole vyake vyote mara moja.

Maji yakamchukua, kengele ikalia. Yalisomwa chini ya alama nyeupe, upungufu wa vidole viwili. Watu waliguna pamoja, kwa maana wazee hao walipendwa. Bi Mwanaheri alibaki kwenye nguzo ameunyoosha mkono mtupu, akitazama upande wa bwawa mpaka alipoona kichwa chenye mvi kinaibuka.

Bwana Kaza alitoa hukumu kwa sauti yake ya upole. Bi Mwanaheri, Mtaa wa Pafu. Mzee Bungara, Mtaa wa Mfupa, kuanzia leo. Bi Legeza akapinga, akisema walegevu hawajawahi kumdhuru mtu, tatizo ni magenge, na ubishi wao wa kila siku ukaanza juu ya vichwa vya wazee wawili waliokuwa wakitetemeka kwa baridi, kila mmoja na mlinzi wake. Kisha Mkuu akakumbuka adabu, akamgeukia mgeni aseme neno lake.

Mwantumu alisimama. Alikuwa amekasirika, na zaidi ya hasira alikuwa na huzuni, maana mfereji ule aliupenda.

"Chombo chenu ni kizuri," alisema. "Kimesoma maji yalikuwa wapi walipoachana, na kimesoma sawasawa. Lakini waheshimiwa, mimi huko kwetu napima vitu visivyo na mdomo. Seli ikiachia, nimepata namba, basi. Siwezi kuiuliza ni ipi iliyoachia, wala kwa nini. Ningeweza, wallahi, ningeacha kazi nyingine zote niiulize. Ninyi mnapima watu wenye midomo, na nimekaa hapa sijasikia mtu akiulizwa."

Wajumbe walitazamana. Mmoja alisema sheria haina kifungu hicho. Mwingine akasema kuuliza kutachelewesha chakula. Bwana Kaza alipozungumza ilikuwa kama ulimi wake haujui njia.

"Nani kati yenu aliyeachia?"

"Mimi," alisema Mzee Bungara, maji yakimchuruzika ndevuni.

"Ulichoka?"

"Sikuchoka. Mkono wake mgonjwa. Ulikuwa unavunjika."

"Ulijua kwamba ukiachia mtatenganishwa?"

"Nilijua." Mzee akafikiri kidogo. "Lakini Mtaa wa Pafu angefika na mkono mzima."

Bi Legeza mwenyewe alikuwa akitazama chini. Bwana Kaza akamgeukia Bi Mwanaheri, na safari hii aliuliza polepole sana, kama mtu anayeogopa kujibiwa. "Na wewe, mama, alipoachia, ulijua ni kwa sababu hiyo?"

"Nilijua, baba. Nimemwona machoni."

"Ungejuaje kama usingemwona machoni? Kama ulikuwa unatazama... kama ulikuwa unatazama ukutani, maji yamefika wapi?"

Bi Mwanaheri alikuwa mkali kwa mumewe peke yake. Kwa Mkuu wa Mfereji alijibu kwa huruma. "Hapo nisingejua, baba. Ningelazimika kumuuliza."

Bwana Kaza akafanya jambo ambalo hakuna Mgando aliyewahi kulishuhudia kwa mjumbe wa Baraza: aliutoa mkono wake wa kulia mkononi mwa mjumbe wa kulia, akautoa wa kushoto mkononi mwa Bi Legeza. Wajumbe wakabaki na viganja hewani, hawajui waviweke wapi.

"Walinzi, waachieni," alisema. "Rudini kwenu, wazee wangu. Kesi hii mimi siwezi kuihukumu, wala zile nyingine sikustahili kuzihukumu. Lango lifungwe mpaka nitakaporudi."

"Unakwenda wapi, Mheshimiwa?" Bi Legeza aliuliza.

"Bandama."

Akateremka ukingoni, akaenda peke yake, bila jirani wa kumshika, na nguo zake zile zilizojikunja mgongoni. Watu walimpisha. Bi Zawena alikuwa na sababu gani, hilo Mwantumu hakulijua, maana aliondoka Ugando kabla Mkuu hajarudi, na mimi sitamtungia. Ninalojua ni kwamba siku alipoondoka lango lilikuwa bado limefungwa, na ukutani mtu alikuwa ameanika mkeka juu ya alama zote mbili.

Siku ile ya kupimwa wazee walirudi nyumbani kwa miguu, Mwantumu nyuma yao amebeba viatu vya mzee vilivyojaa maji. Hawakuwa wamefika hata kona ya kwanza, Bi Mwanaheri akaanza.

"Siku nyingine usiniachie bila kuniambia."

"Ningekuambiaje nawe unaona maji yamenijaa mdomoni?"

"Ungetikisa kichwa. Mtu mzima hushindwa kutikisa kichwa?"

"Kichwa kilikuwa ndani ya maji, Mwanaheri."

"Tangu nikuoe una sababu."

"Mimi ndiye niliyekuoa."

Bi Mwanaheri akamwambia anyamaze atapata kikohozi. Akahama kutoka upande wa kushoto wa mumewe kwenda upande wake wa kulia, akampa ule mkono usiouma.